Kukata bima ya nyumba Mwanza: kagua mlima, ziwa na paa kabla ya kuuliza bei

Wenye nyumba wengi Mwanza hukutana na bima ya nyumba kwa mara ya kwanza benki, siku ya kusaini mkopo. Afisa anasogeza karatasi moja zaidi, anasema "na hii ni ya bima," unasaini, ada inakatwa humo humo kwenye mkopo, basi. Miaka inapita, upepo wa vuli unang'oa mabati usiku, ndipo unaanza kuuliza ile bima ilikuwa ya nini. Mara nyingi ilikuwa ya kulinda deni la benki, na anayetajwa kulipwa kwanza ni benki yenyewe. Sofa, friji na televisheni yako havikuwahi kuingizwa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuchagua mwenyewe, awe na mkopo au hana. Kosa ninaloliona mara nyingi ni watu kuanza na swali la "shilingi ngapi kwa mwaka?" Hati ya bima ni orodha ya majanga, na majanga ya Isamilo siyo ya Mabatini, wala ya Igombe siyo ya Buswelu. Mpaka ujue nyumba yako inatishwa na nini, huwezi kujua kama bei uliyotajiwa ni rahisi au ni hela ya kutupa.

Hatua ya 1: Izunguke nyumba ukiwa na daftari na simu

Fanya hivi mchana, ikiwezekana siku moja baada ya mvua kubwa, wakati maji bado yameacha alama ukutani na kwenye udongo.

Kama uko mlimani (Isamilo, Nyakabungo, Igogo, ngazi za Bugando), anza kwa kutazama juu ya nyumba yako. Yale mawe makubwa ya granaiti yamekaa pale tangu zamani, na mengi yataendelea kukaa. Cha kukagua ni kilicho chini yake. Chuchumaa uangalie jiwe linapogusana na ardhi: je, mvua imechimba udongo ukabaki uwazi wa kupitisha mkono? Kuna mti uliokatwa ambao mizizi yake ndiyo iliyokuwa imeshika? Jirani wa juu anapasua kokoto kwa kuwasha moto juu ya mwamba na kugonga nyundo? Piga picha zenye tarehe. Kisha kagua ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba. Ukuta ulioanza kufanya tumbo, au usio na matundu ya kutoa maji, unasubiri masika tu.

Haya ninayasisitiza kwa sababu kuporomoka kwa ardhi, kutitia kwa msingi na jiwe kuteremka kwa kawaida havimo kwenye bima ya msingi ya moto. Inabidi uombe viongezwe, na viandikwe kwa majina yake. Kampuni inaweza kutuma mkaguzi, ikakupa masharti (jenga ukuta, chimba mtaro) au ikakataa kabisa. Heri ukataliwe Januari kuliko Aprili, udongo ukiwa sebuleni.

Kama uko bondeni, karibu na Mto Mirongo au mifereji inayoushukia kutoka milimani, swali lako ni mafuriko. Hapo tofautisha maji ya aina mbili, maana bima inayatofautisha. Bomba likipasuka au tangi likifurika ndani ya nyumba, hilo ni jambo moja. Maji ya mvua yakiingia kupitia mlangoni ni jambo lingine, na huenda hati yako inalipa la kwanza na kulikataa la pili. Uliza yote mawili kwa mkupuo. Uliza pia kuhusu shimo la choo likijaa na kurudisha uchafu ndani. Watu huona aibu kuliuliza hilo, na ndilo linaloharibu sakafu na milango.

Ufukweni mambo yana uzito wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na inagusa kingo za mito pia. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo ina tatizo kabla ya kufika kwa wakala wa bima, na hata ukiuziwa bima, siku ya madai ndilo jambo la kwanza litakaloibuka. Chukua futi ya kamba upime, usikadirie kwa macho. Pima ukijua kwamba ziwa lenyewe halikai mahali pamoja: Mei 2020 Ziwa Victoria lilivuka kiwango cha juu kilichowekwa mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda tena kupita hapo. Maji yaliyopanda polepole kwa wiki kadhaa mpaka yakalowanisha msingi, mkadiriaji hasara (anayetumwa na kampuni kupima hasara yako) anaweza kusema hayo hayakuwa mafuriko ya ghafla, kwa hiyo hayalipwi. Vivyo hivyo ufukwe unaoliwa na mawimbi mwaka hadi mwaka. Omba neno "mafuriko" lilivyofafanuliwa kwenye hati, ulisome mwenyewe.

Sasa paa. Dhoruba za kanda hii zinatoka ziwani usiku na alfajiri, zikiwa na upepo na radi. Panda ngazi, au mtume fundi unayemwamini, aangalie kama misumari imelegea, kama kenchi zimefungwa kwenye mkanda wa zege kwa nondo au zimelazwa tu juu ya tofali, na kama mabati yamechomoza sana nje ya ukuta. Tufani kwa kawaida imo kwenye kifurushi cha majanga ya ziada, lakini paa lililokuwa bovu tangu mwanzo ni sababu nzuri sana ya kampuni kukupunguzia fidia. Mchwa, kutu na uchakavu havilipwi na bima yoyote ya nyumba. Hayo ni matengenezo, na ni yako.

Kuhusu radi, kuna kitu kidogo kinachowaponyoka wengi. Radi ikipiga nyumba moja kwa moja na kuichoma, bima ya moto inahusika. Radi ikipiga mbali, umeme ukaja kwa kishindo na kuunguza friji, dekoda na mota ya kisima, hilo ni hitilafu ya umeme, na linahitaji kipengele chake. Kwa nyumba ya kawaida ya Nyegezi au Kiseke, kipengele hicho unaweza kukitumia mara nyingi kuliko cha moto.

Na tetemeko? Septemba 10, 2016 Kagera ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, na nyumba nyingi za Bukoba na vijijini zikaanguka au kupasuka. Huku upande wa Mwanza watu walilisikia. Kuliongeza tetemeko kwenye hati huenda kusipandishe ada sana, uliza. Mimi ningeliongeza.

Hatua ya 2: Tafuta gharama ya kuijenga upya, siyo bei ya kuiuza

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kiwanja hakiungui. Nyumba ya Capri Point inaweza kuuzwa bei ya kutisha kwa sababu ya mahali ilipo, lakini bima inalipa tofali, mbao, mabati, nyaya na ufundi. Ukikata bima kwa bei ya soko, unalipia ardhi ambayo hakuna janga litakaloiunguza. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi: kuandika thamani ndogo ili ada ishuke.

Chukua mfano. Nyumba yako ikiteketea leo, kuijenga upya ni shilingi milioni 150. Wewe umeandika milioni 75, yaani nusu. Upepo unachukua paa, hasara ni milioni 24. Wengi hudhani watalipwa milioni 24 kwa sababu iko chini ya 75. Sivyo. Kampuni itatumia kanuni ya uwiano: ulilipia nusu ya thamani, utalipwa nusu ya hasara, milioni 12. Humo inatolewa sehemu unayoibeba mwenyewe, ambayo mawakala huiita eksesi. Tuseme ni asilimia 10 ya madai: unabaki na milioni 10.8 kwa kazi ya milioni 24. Na hapo hakuna aliyekudhulumu, imo kwenye hati.

Namna nzuri ya kupata tarakimu ni kumlipa mkadiriaji majenzi au mthamini aliyesajiliwa na bodi yake. Kwa nyumba kubwa, au yenye mkopo, usilikwepe hilo. Kwa nyumba ya kawaida unaweza kuanza na fundi mkuu: mkae mpige hesabu kwa hatua, yaani msingi, boma, paa, kisha umaliziaji wa umeme, maji, vigae, jipsamu, milango na madirisha. Tumia bei za leo za saruji na nondo, siyo zile za mwaka ulioanza kujenga. Ongeza gharama ya kuvunja na kuzoa kifusi. Mlimani, ambako gari halifiki na kila mfuko wa saruji unapandishwa kichwani, ongeza ujira wa wabebaji. Nyumba mbili zenye ramani moja, ya Buhongwa kwenye tambarare na ya Igogo juu ya mawe, hazijengwi kwa pesa sawa.

Usisahau vya nje: fensi, geti, simtanki na mnara wake, sola, chumba cha mlinzi, kibanda cha jiko. Visipotajwa kwenye hati, kampuni itasema havimo.

Halafu kuna tabia yetu ya kujenga kidogo kidogo. Umehamia vyumba viwili vikiwa tayari, vingine bado boma. Iambie kampuni hivyo hivyo. Sehemu inayoendelea kujengwa huwa na masharti yake, pengine bima yake kabisa, na kila ukimaliza awamu unapeleka thamani mpya. Hati ya mwaka ulipokuwa na vyumba viwili haitakulipia ghorofa.

Hatua ya 3: Chagua umbo la bima

Hili ni fupi. Bima ya moto pekee hulinda jengo kwa moto, radi na baadhi ya milipuko. Bima ya moto na majanga ya ziada huongeza tufani, mafuriko, tetemeko, ghasia, gari kugonga ukuta na kadhalika, kwa kadiri utakavyochagua. Kifurushi cha mwenye nyumba huunganisha jengo, vitu vya ndani, wizi, na dhima yako kwa watu wengine, kwa mfano ukuta wako ukimwangukia mpita njia.

Unaishi humo mwenyewe? Chukua kifurushi. Umepangisha? Jengo, dhima, na kipengele cha kodi ya pango, ili uendelee kupata kitu miezi nyumba inapojengwa upya. Wewe ni mpangaji? Jengo siyo lako, kata ya vitu vya ndani tu. Wanaotaka bima inayofuata misingi ya Kiislamu, takaful ipo nchini.

Angalizo kuhusu ghasia: fujo za kawaida na vurugu zenye sura ya kisiasa mara nyingi havikai kwenye kipengele kimoja. Uliza vyote.

Hatua ya 4: Vitu vya ndani

Pita chumba hadi chumba ukirekodi video, ukifungua makabati, ukitaja kwa sauti kitu na mwaka ulipokinunua. Risiti zipige picha. Vito, kompyuta na simu huwa na kikomo chake, au inabidi vitajwe kimoja kimoja. Fedha taslimu chini ya godoro usizitegemee.

Kwenye wizi soma kwa makini: hati nyingi zinataka dalili za kuvunja, yaani kufuli iliyokatwa, nondo zilizopindwa, dirisha lililong'olewa. Mlango ukiachwa wazi mtu akaingia na kutoka na televisheni, huenda usilipwe. Wizi wa ndugu au wa dada wa kazi nao kwa kawaida umetolewa. Na ukisafiri, angalia hati inaruhusu nyumba ikae bila mtu siku ngapi. Nyingi zina ukomo, na ukienda Ukerewe msibani ukapitiliza, ulinzi wa wizi unasimama bila wewe kujua.

Hatua ya 5: Jaza fomu kama unaapa

Sheria ya bima inakutaka useme kila jambo linaloweza kubadili uamuzi wa kampuni, hata usipoulizwa. Fremu ya duka mbele ya nyumba, saluni uani, wapangaji, cherehani kumi sebuleni: sema. Kwa wenzetu wa Igombe, Kayenze na visiwani, kama mapipa ya petroli ya injini za mitumbwi yanalala stoo ya nyumbani, sema pia. Ada itapanda kidogo, au utaambiwa uyahamishe. Ukinyamaza, moto ukianzia jikoni, mbali kabisa na stoo, bado kampuni ina pa kushikia.

Wakala akikuambia "saini hapa, nitakujazia," kataa kwa upole. Saini ni yako, na majibu yatahesabiwa kuwa yako.

Hatua ya 6: Mketishe wakala umuulize

Mazungumzo mazuri huwa hivi, na mama mmoja wa Nyasaka aliyaendesha vizuri kuliko mawakili:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu ukae. Sasa nioneshe hapa mafuriko yameandikwa wapi."

"Mafuriko yamo mama, usiwe na wasiwasi."

"Wasiwasi sina. Nataka mstari."

Kijana akafungua kurasa, akapekua, akakuta mafuriko yako kwenye orodha ya vya kuongeza kwa ada ya ziada, na kwenye bei aliyoitaja hayakuwemo. Hakuwa tapeli, ni kwamba hakuwa ameisoma hati. Alirudi kesho yake na bei mpya na karatasi sahihi.

Nawe taka mstari. Omba hati yenyewe, kwa sababu kipeperushi siyo mkataba, na uende moja kwa moja kwenye sehemu ya visivyolipwa. Kama ni ya Kiingereza kigumu, mwambie akueleze kwa Kiswahili kisha akuandikie maelezo hayo kwa barua pepe au hata WhatsApp. Muulize: eksesi ni kiasi gani kwa kila janga? Mnalipa bei ya kitu kipya, au mnakata uchakavu? Nani anatajwa kulipwa kwanza? Nina siku ngapi za kutoa taarifa?

Swali la uchakavu usiliruke. Paa la miaka 15 likilipwa kwa thamani yake ya sasa, fidia hainunui mabati mapya.

Hatua ya 7: Sasa linganisha bei, lipa, hakiki

Chukua makadirio kutoka kampuni tatu hivi, yote kwa thamani ile ile na majanga yale yale, la sivyo unalinganisha samaki na dagaa. Ukipitia kwa dalali wa bima, kazi yake ni kukutafutia sokoni. Wakala anauza bidhaa za kampuni anazoziwakilisha. Benki nyingi nazo ni mawakala. Kama mkopo wako unadai bima, uliza kama unaruhusiwa kuleta ya kampuni nyingine, na uombe nakala ya hati. Wengi hawajawahi kuiona yao.

Ada hutokana na asilimia ndogo ya thamani. Kwa hesabu ya mfano tu, asilimia 0.2 ya milioni 150 ni shilingi 300,000 kwa mwaka, kisha VAT inaongezwa. Kupandisha eksesi kunashusha ada, na kwa mtu mwenye akiba kidogo huo ni uamuzi mzuri: madogo yabebe mwenyewe, bima ibebe yale ya kukuangusha. Nisingeshusha ada kwa kuondoa mafuriko kwenye nyumba ya bondeni kama ya Mabatini.

Bima haianzi mpaka ada iwe imelipwa. Lipa kwa namba ya malipo au akaunti ya kampuni, usimpe mtu mkononi. Ukishapata hati, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Isipoonekana humo, rudi kwa aliyekuuzia siku hiyo hiyo. TIRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, waulize.

Hati, video na picha zitume kwenye barua pepe yako na kwa ndugu mmoja anayeishi kwingine. Karatasi iliyo kabatini huungua na kabati.

Hatua ya 8: Likitokea

Okoa watu, piga 114 kwa Zimamoto au 112 kwa polisi. Kwa wizi chukua RB (namba ya taarifa yako polisi) mapema. Kwa moto omba ripoti ya Zimamoto. Ipe kampuni taarifa siku hiyo hiyo kwa simu, kisha kwa maandishi. Piga picha kabla ya kusafisha. Zuia hasara isiongezeke, funika paa kwa turubai na utunze risiti ya turubai, lakini usianze kujenga wala kutupa vilivyoharibika kabla mkadiriaji hasara hajafika. Yeye akija, tembea naye hatua kwa hatua, na kama ameandika mbao kumi wewe ukahesabu kumi na sita, mwambie hapo hapo.

Ukiletewa fomu ya kukubali malipo ya mwisho, usiisaini kwa kuharakishwa. Ukishasaini, umefunga dai. Usiporidhika, andika barua kwa kampuni kwanza. Wasipokujibu au wakishikilia msimamo, peleka lalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiambatisha hati, risiti ya ada, picha, ripoti ya polisi au Zimamoto, na nakala ya barua yako ya kwanza ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo udai pale pale mapokezi, siku unayoipeleka.